Galileo wa Brecht: Je, Sayansi na Dini ni Maadui wa Asili?

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba historia ya sayansi na imani ya dini ni historia ya vita tu: huku mwanga, kule giza. Ushahidi wanaoutoa mara nyingi ni kesi ya Galileo Galilei, aliyehukumiwa na Kanisa mjini Roma tarehe 22 Juni 1633. Wengi wameijua kesi hiyo kupitia tamthilia ya Bertolt Brecht, Maisha ya Galileo. Tunaiheshimu kazi hii. Lakini kuiheshimu kazi si kuimeza bila kuitafuna.

Brecht, mwandishi wa Kijerumani aliyefuata nadharia ya Marx, aliandika tamthilia hii kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na 1939, akiwa mkimbizi nchini Denmark kutokana na ufashisti wa Hitler. Katika maandishi hayo ya mwanzo Galileo ni mjanja: anakana kwa mdomo ili aokoe elimu yake kwa siri. Agosti 1945 Marekani ikaangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Brecht, ambaye wakati huo alikuwa huko Marekani akiitengeneza upya tamthilia yake, akabadili hukumu. Galileo wa pili anajishtaki mwenyewe kuwa amewasaliti watu kwa kuwakabidhi watawala elimu waitumie watakavyo.

Nguvu ya tamthilia imo katika onyesho la Papa Urban wa Nane akivishwa mavazi ya cheo chake. Mwanzoni anakataa Galileo asiguswe. Kadiri mavazi yanavyoongezeka mwilini mwake, ndivyo anavyolegea, na mwisho anakubali mzee huyo aonyeshwe vyombo vya mateso. Hapa Brecht amesema kweli. Kabla ya kuwa Papa mwaka 1623, Maffeo Barberini alikuwa rafiki wa Galileo. Aliyehukumu si imani ya mtu mmoja, bali ni utawala uliohofia kupoteza mamlaka yake.

Historia inaunga mkono jambo hili. Copernicus, aliyefundisha kwamba dunia hulizunguka jua, alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, na kitabu chake cha mwaka 1543 alikitoa kwa heshima ya Papa. Kilizuiwa mwaka 1616, miaka 73 baadaye. Mwaka 1611 wanazuoni Wajesuiti wa Roma walithibitisha mambo ambayo Galileo aliyaona angani kwa darubini. Basi ni nini kilichobadilika? Kanisa lilikuwa limegawanyika kwa mageuzi ya Waprotestanti. Tangu mwaka 1618 Ulaya ilikuwa katika vita vya miaka 30, na mwaka 1632 Papa mwenyewe alishutumiwa na upande wa Hispania kuwa hautetei Ukatoliki ipasavyo. Katika hali hiyo, mtu asiye padre anayefasiri Maandiko, tena anayeandika kwa Kitaliano badala ya Kilatini ili wasiokuwa wanazuoni nao wasome, alionekana kuwa hatari. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo la lugha.

Kasoro za Brecht ni tatu. Kwanza, amempotosha binti wa Galileo. Katika tamthilia, Virginia ni mshika dini asiye na upeo, ambaye mwishoni anashirikiana na walinzi wa baba yake. Virginia wa kweli alikuwa mtawa aliyeitwa Maria Celeste. Alimtengenezea baba yake dawa, aliangalia mambo ya nyumba yake wakati wa kesi, na alijitolea kumsomea zaburi za toba alizoamriwa na mahakama. Kumwondoa mtu huyu ni kumwondoa shahidi. Pili, Brecht anaificha imani ya Galileo mwenyewe, aliyeshikilia kwamba Maandiko na maumbile vyote vyatoka kwa Mungu mmoja na haviwezi kupingana. Tatu, anaonyesha kana kwamba ushahidi ulikuwa umekamilika. Haukukamilika. Hoja ambayo Galileo aliitegemea sana, ya kujaa na kupwa kwa bahari, ilikuwa na makosa. Badiliko la mahali pa nyota linalotokana na mwendo wa dunia lilipimwa na Bessel mwaka 1838. Kosa la mahakama halikuwa kudai ushahidi. Lilikuwa kuweka vitisho mahali pa ushahidi.

Je, ni haki kumbebesha mzee wa miaka 69, aliyetishiwa mateso, lawama ya bomu la mwaka 1945? Hatuoni hivyo. Bomu lile halikuagizwa na askofu yeyote. Lilitokana na sayansi ambayo hakuna kanisa lililoizuia, kwa fedha na amri ya dola. Ndiyo kusema kwamba sayansi iliyotoka mikononi mwa askofu haijawa huru, iwapo imeangukia mikononi mwa jemadari na mfanyabiashara wa silaha.

Kitabu cha Galileo kiliondolewa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba waliomhukumu walikosea. Tusiitumie kesi hii kumdharau mkulima anayeswali au mfanyakazi aendaye kanisani. Swali la kuuliza kila mara ni hili: nani ana amri juu ya elimu, na elimu hiyo inamfaidia nani? Wanaofundisha tamthilia ya Brecht waanzie hapo.