Nyota si alama ya kurudi

Leo tuzungumze juu ya jambo dogo linaloharibu kazi ya wengi: namna tunavyoweka alama kwenye taarifa za samaki, ndege na wanyama tunazokuta iNaturalist, ili tuzirudilie baadaye. Wengi wetu hapa Songo, na hata kule Kalundu na Kavimvira, tunajua njia moja tu: unagonga nyota, kiisha unaendelea. Mimi nasema nyota ile haitoshi, na kwa mwenye kuandika memwari juu ya ziwa letu inaweza kumpoteza.

Tuanze kwa kuitendea haki iNaturalist. Nayo ilizaliwa kama kazi ya mwisho ya wanafunzi, mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu 2023 ni shirika lisilo la faida linalojitegemea. Mtu anaweka picha, mahali na tarehe. Wengine wanapendekeza jina. Na kila taarifa inapata namba na anwani yake. Kwa sisi ambao vitabu vya samaki wa Tanganyika ni vya kutafuta kwa tochi, hiyo ni mali kubwa.

Lakini nyota ilitengenezwa kwa ajili ya kupenda. Inasema "picha hii imenifurahisha", basi. Haina nafasi ya kuandika kwa nini umeisimamia. Baada ya miezi mitatu unafungua orodha, unakuta nyota 60, na hujui ipi ilikuwa ya sura ya kwanza ya memwari na ipi ulipenda tu rangi. Tena nyota zako ziko wazi, kila mtu anaweza kuziona. Na mwenye picha akiifuta, nyota yako inaondoka nayo.

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Tropheus duboisi ni samaki wa mawe wa kaskazini mwa ziwa. Alipewa jina mwaka 1959 na Georges Marlier, mtafiti aliyefanya kazi kwenye kituo cha IRSAC hapa hapa Uvira. Akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa cha bluu, na mkanda mweupe au wa njano unazunguka mwili. Ukikuta picha mbili, ya mdogo na ya mkubwa, unaweza kuapa kuwa ni aina mbili. Sasa umeweka nyota kwenye zote mbili. Ulikuwa na shaka gani? Ulitaka kulinganisha nini? Nyota haikumbuki. Na watambuzi wakibadilisha jina katikati, nyota haikuambii kwamba siku ile ulipoigonga jina lilikuwa lingine.

Njia zingine ziko, lakini kila moja ina kazi yake. Kufuata taarifa kunakuletea habari kila mtu anapoongeza jina au maneno. Hiyo njo nzuri kwa picha yenye ubishi, ila ukifuata mia moja utazama kwenye ujumbe. Alama ya "imepitiwa" wengi wanaielewa kinyume: inakusaidia kuondoa mbele ya macho kitu ulichomaliza, siyo kukihifadhi. Mradi unakusanya taarifa za watu wengi mahali pamoja, na kwa kundi la wanafunzi inafaa, japo mwenye picha anaweza kukataza picha yake isiingizwe na wengine. Njia ninayoipa alama ya juu ni ile wachache wanaitumia: chuja kwa mahali, aina na tarehe, kiisha hifadhi anwani ya ule utafutaji. Kila ukiifungua, taarifa mpya zimeshaingia zenyewe.

Hata hiyo ina mtego. Kwa viumbe walio hatarini, iNaturalist inaficha mahali penyewe: nukta inatupwa popote ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani karibu kilometa 22 kila upande. Hapa kwetu kisanduku kama hicho kinaweza kumeza ufuko, mji na milima kwa pamoja. Ukihifadhi bila kuandika kwamba mahali pamefichwa, mwisho wa mwaka utachora ramani yenye mnyama wa msituni anayeogelea ziwani.

Wazee wa makumbusho walijua jambo hili kabla ya intaneti. Mwaka 1951 bundi mmoja alipatikana kwenye milima ya Itombwe, huku juu yetu. Mwaka 1952 akaitwa Phodilus prigoginei. Hakushikwa mwingine mpaka 1996, miaka 45 baadaye. Mpaka leo wataalamu wanabishana hata juu ya jina lake la jenasi. Lakini ubishi huo unawezekana kwa sababu yule wa kwanza alihifadhiwa pamoja na mahali na tarehe yake. Jina linaweza kuhama. Mahali na siku havihami.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kila taarifa utakayotaka kurudilia iandikie mstari mmoja wenye vitu vitano: anwani yake, jina lililokuwepo siku ile, mahali kama pako wazi au pamefichwa, shaka yako, na siku ya kurudi. Weka jina la wavuvi pia, maana "ndagala" moja ya sokoni inaweza kuwa Stolothrissa tanganicae au Limnothrissa miodon. Andika kwenye kaye, au ujitumie mwenyewe ujumbe kwenye WhatsApp. Mstari wa maneno haukuli mega kama picha ya skrini, na kaye haiogopi umeme kukatika.

Mtaniambia hiyo ni kazi ya ziada. Sawa. Lakini angalieni ufuko wetu: maji yalipopanda 2024 yaliingia mpaka kwenye nyumba za kando ya ziwa, na mahali pengi palipopigwa picha zamani hapafanani tena. Atakayetaka kujua ni samaki gani na ndege gani walikuwa pale kabla, atategemea picha zenye mahali, tarehe na swali lililoandikwa. Nyota endeleeni kuigonga, ni shukrani kwa mpiga picha. Ila kabla ya kufunga ukurasa, andika ule mstari mmoja.