Leja ya Mama Stoo

Hakuna aliyetoka na laptopu katika stoo ya shirika moja la Kitale kabla hajaisoma kwa sauti. Mama Stoo, na hata mkurugenzi alimwita hivyo, aliipindua mashine mezani, akakusogezea, akashika kalamu. "Soma, mwanangu." Nawe ukasoma herufi baada ya herufi ile nambari ndogo iliyochapwa kiwandani, ambayo wengi wetu hatujawahi kuitupia jicho. Yeye anaandika. Ukimaliza, anakusomea alichoandika huku wewe ukifuatisha kwa kidole. Hapo ndipo unatia sahihi.

Vijana wa miradi walimlalamikia. "Mama, gari linaningoja, nitafika Bungoma usiku." "Lingoje. Hii ni sifuri au ni O?"

Swali hilo halikuwa ukaidi. Sifuri na O, nane na B, moja na I, leja nyingi huharibikia papo hapo, na mashine iliyoandikwa vibaya siku ya kwanza haipatikani siku ya kutafutwa. Ila mimi naamini alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Mtu aliyeitamka nambari kwa kinywa chake hawezi kudai baadaye kwamba alipewa nyingine. Ameshafahamiana na kile kitu. Chaja nayo ilikuwa na mstari wake, na begi lake pia, na ukirudisha laptopu bila chaja, mstari wa laptopu unafungwa na wa chaja unabaki wazi, jina lako likiwa mbele yake, mwaka hata mwaka.

Alikuwa amefunzwa serikalini, enzi za fomu ya S11 ya kutolea vitu na S13 ya kuvipokelea, na sidhani kama aliwahi kuiita kazi yake mpango. Lakini ulikuwapo mpango, na ulikuwa na hekima kuliko mingi niliyoona ikiandikwa na washauri wa kulipwa. Nambari aliyoibandika kwenye mashine haikutaja ofisi wala idara. Ofisi nyingi hupenda kuandika stika ndefu yenye jina la mji, jina la idara na tarakimu mbili mwishoni. Kisha mashine inapandishwa matatu, inapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, inafika Bungoma, na kuanzia siku hiyo stika yake inasema uongo. Yeye alitoa nambari tupu. Mahali ilipo mashine na aliye nayo ni mambo ya leja, kwa sababu hayo ndiyo hubadilika. Nambari ya mashine iliyokufa hakuirithisha nyingine. Stika hakuibandika kwenye betri, maana betri hubadilishwa, wala karibu na tundu la kutolea joto, ambapo gundi hulainika na karatasi ikajikunja. Simu aliziuliza nambari zake zenyewe kwa kubonyeza *#06#, na zile za laini mbili akaandika zote mbili, tarakimu 15 kila moja.

Kisha, robo ya mwaka ikiisha, alifunga stoo na kwenda kuhesabu. Hakutuma ujumbe. Alikwenda mwenyewe hadi ofisi ya Bungoma, akaingia chumba kwa chumba, akaomba kuonyeshwa na kugusa. "Iko nyumbani" hakulikubali kuwa jibu. Aliandika kwa penseli, na penseli ile iliwasumbua watu kuliko barua ya onyo.

Kitale si mgeni wa ustadi huu wa kuorodhesha. Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu tangu utotoni hadi alipofariki mwaka 1966, alianzisha makumbusho yake mwenyewe huko mwaka 1926, na mkusanyo wake ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa 1974. Mengi yanaweza kusemwa juu ya walowezi wa Trans Nzoia na mali waliyojiandikia, ardhi kwanza. Lakini kila anayekusanya wadudu kwa makini anajua kwamba kipepeo asiye na kikaratasi cha kueleza alikamatwa wapi, lini na nani, hata awe na rangi gani, mtaalamu hana la kufanya naye. Mama Stoo angemwelewa.

Tulianza lini kuudharau ustadi huu sijui, ila dalili zake ni nyingi. Machi 2013, kaunti zilipoanza, manispaa ya Kitale na ya Bungoma zilifika mwisho wake, na Mamlaka ya Mpito ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza yote nchini. Muda wake ulikwisha 2016, kazi ikarithiwa na kamati nyingine. Mwaka huohuo wa 2016 tableti za wanafunzi wa darasa la kwanza zikaanza kumiminika, na hatimaye zikapita milioni moja nchini kote. Walimu wakuu walitakiwa kuweka vyuma madirishani na milango imara. Vyuma vilichomelewa vizuri kabisa. Kitasa, hata hivyo, hakijui kuandika kwamba tableti fulani ilitoka Jumanne na mwalimu fulani ikarudi imepasuka kioo. Mwezi Septemba 2023 ukaja mpango wa kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 simu za kazi. Simu hizo zimeingia vijijini kwa mamia, na ndani yake mna habari za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data taarifa zikivuja. Ofisi isiyojua simu iliyopotea ilikuwa mikononi mwa nani, saa 72 zitaisha bado wanaulizana.

Sasa tuna programu. Zipo nzuri, na nyingine, kama Snipe-IT na GLPI, unaweza kuziendesha kwenye mashine yako bila kulipia leseni. Sizikatai, leja ya karatasi hunyeshewa, huliwa na mchwa, na haiwezi kusomwa Kitale na Bungoma kwa wakati mmoja. Kinachonichoma ni jinsi zinavyoletwa. Mama Stoo alipostaafu, leja zake zilifungwa kwenye katoni, kijana akaingiza kwenye programu mashine zilizoonekana kwenye mtandao siku hiyo, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Laptopu iliyozimwa kabatini haionekani kwenye mtandao. Projekta nayo haionekani. Wala chumba cha nyuma chenye skrini za zamani zenye matumbo na printa zisizo na wino, ambazo katika ofisi ya umma zinahitaji kamati chini ya sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya 2015, na katika ofisi nyingine yoyote zinahitaji mtu mmoja tu wa kuamua. Huyo mtu hana cheo siku hizi. Kazi yake imegawanywa kwa watu watatu, na kila mmoja anaamini ni ya mwenzake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe iliyojulikana miaka mingi kabla. Kwenye shirika lile swali la "tunazo ngapi?" liliulizwa baada ya hapo. Ujumbe ukatumwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu atume nambari ya mashine yake kabla ya saa kumi. Wengine walituma jina la modeli, ambalo ni lilelile kwa mashine zote. Mwingine akatuma kidole gumba. Waliohama kazi na laptopu zao walikwisha kutolewa kwenye kundi zamani.