Brashi Kongwe

Mwambie fundi rangi aliyekomaa achague brashi ya kumalizia mlango kwa rangi ya mafuta, na mkono wake utaipita ile iliyotoka dukani leo. Brashi mpya hunyonyoka. Unywele uliolegea hugandia ubaoni, na kuutoa kwa ukucha huacha alama ambayo jua la asubuhi litaianika. Kwa hiyo mpya hupewa kwanza kazi ya praima, ambako unywele ukianguka msasa utauondoa. Ikishapiga kuta kadhaa, nywele dhaifu zimekwisha kutoka na ncha zimejipanga. Hapo ndipo inapokuwa brashi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kinyemi hicho hakimghilibu fundi.

Ninachotaka kukisifu hasa ni ujuzi unaofuata ubora huo ukishapita, maana ndipo majumbani mwetu tunapokata tamaa mapema. Kila unywele wa brashi nzuri ya nywele za mnyama umechanika nchani, na katika vitawi hivyo ndimo rangi hukaa ikingoja kushushwa ukutani. Plasta ya saruji huvisaga vitawi hivyo kidogo kidogo, hata nywele zikabaki fupi na butu. Kwenye mlango, brashi ya namna hiyo itaacha michirizi. Ipeleke kwenye ukuta wa tofali usiopigwa plasta: ufupi umeipa ugumu, nayo husukuma rangi ndani ya vitundu na maungio ambako brashi laini ingeteleza juu juu. Ikichoka zaidi, ipe chokaa. Chokaa ni kali, hula nywele za mnyama, na kuichovyea brashi iliyo katika ubora wake ni uharibifu. Iliyokwisha kuzeeka haina cha kupoteza. Baada ya hapo zipo nguzo za uzio zinazongoja kupakwa oili chafu kuzuia mchwa, na bawaba za geti zinazolia kwa kukosa grisi.

Lakini brashi haifiki huko kama haikuoshwa, na hapa ndipo penye utu wa kazi nzima. Rangi ya mafuta haikauki kwa tina kuruka hewani tu. Mafuta yake huungana na hewa na kuwa kitu kingine kigumu, na hilo likishatokea, tina uliyoikumbuka kesho haiyeyushi tena kitu. Dakika chache za jioni ile ile ndizo zinazoamua. Futa rangi kwenye gazeti, suuza kwa tina kidogo ndani ya kopo, kisha osha kwa sabuni hadi povu litoke jeupe, ukipenyeza vidole karibu na bati linaloshika nywele, kwani rangi ikiganda pale nywele hutawanyika na hazirudi. Ifunge kwa karatasi ili ikauke na umbo lake, na usiisimamishe kwa nywele. Ile tina usiimwage: funika kopo, rangi itatuama chini, na ya juu iliyotakata itafaa tena. Brashi iliyoganda kwa rangi ya maji bado ina tumaini. Iloweke kwenye siki ya moto, kisha ichane kwa kitana cha zamani.

Nchini Tanzania tunaye wa kumkumbuka tunapozungumza juu ya vifaa vya rangi kuvuka mipaka ya kazi yake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, hakungoja turubai wala rangi za wasanii. Alichora chui na ndege wake juu ya mbao za dari, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Vifaa vya fundi wa kawaida vilizaa mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake hadi leo.

Nyumbani kazi ni ndogo zaidi, nami naipenda vivyo hivyo. Brashi ya inchi 1 iliyokatwa nywele kwa mkasi hutoa vumbi la nyuzi chini ya cherehani na kufagia wavu wa dirisha. Mpini wa rola, sponji yake ikishakufa, ukifungwa kitambaa kwenye ufito hufikia tandabui za darini. Skrepa iliyolika hung'oa udongo kwenye jembe. Jambo moja tu nalisisitiza kwa moyo wote: vifaa hivi visiguse chakula. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huumiza ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo, kwa hiyo brashi haiendi kwenye kikaango, wala ndoo ya rangi ya mafuta haigeuzwi mtungi wa maji ya kunywa. Hata bustanini isipandwe mchicha. Itoboe matako, itie kokoto na udongo, upande asumini, uiweke karibu na mlango.