Dagahaley: Jinsi Insulini Ilivyohamia Nyumbani

Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Toronto, Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Tangu siku hiyo dawa ipo. Kwa kijana wa rika lake aliyeko Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, Kenya, tatizo limekuwa mahali pa kuiweka.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hatengenezi insulini, na akikaa siku chache bila sindano maisha yake yamo hatarini. Karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa inataka chupa ambayo haijafunguliwa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8. Nyumba za kambini hazina friji. Kwa hiyo insulini ilibaki hospitalini na mgonjwa akaifuata, kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Mtu mzima alipoteza kibarua. Kijana alikosa duksi, yaani chuo cha Kurani, na darasa, na ugonjwa wake ukaanikwa mbele ya wenzake kila alfajiri. Katika umri huo, aibu peke yake yatosha kumfanya aache sindano.

Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva kulichunguza jambo ambalo wengi walilichukulia kuwa limekwisha kuamuliwa: kama ni lazima insulini ikae kwenye friji. Walianza kwa kupima joto la nyumba zenyewe za Dagahaley. Usiku lilishuka hadi nyuzi 25, mchana likapanda hadi 37. Kupanda na kushuka huko wakakuiga maabarani, Geneva, kwa wiki nne, muda ambao chupa iliyofunguliwa hutumika. Insulini ni protini. Joto likiivuruga, hujishikanisha kuwa nyuzi nyuzi, ikaganda na kupoteza nguvu. Walipopima aina mbalimbali za insulini, nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1, na hazikutofautiana na zile zilizokaa kwenye ubaridi. Matokeo yalichapishwa Februari 2021 katika jarida la PLOS ONE. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yaliongeza kwamba insulini ya kawaida ya binadamu, chupa ikiwa bado haijafunguliwa, hustahimili nyuzi 37 kwa miezi miwili.

Naiheshimu sana kazi hii kwa sababu ilianzia ndani ya nyumba ya mgonjwa. Hata hivyo, nyuzi 37 si ruhusa ya kuiacha chupa juani au chini ya bati linalochoma. Hapo mtungi unafaa: chungu cha udongo, mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu. Maji yakikauka huondoka na joto, na hewa kavu ya Garissa hulifanya hilo vizuri kuliko hewa ya Mombasa iliyojaa unyevu. Barafu iepukwe, insulini iliyoganda haifai tena.

Basi chupa inaweza kukaa nyumbani, na ikishafika huko, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Kijana hufundishwa kuvuta uniti sawasawa, kubadilisha mahali pa kudunga, kutambua sukari ikishuka: jasho, kutetemeka, hasira isiyo na sababu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, anywe maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari, asubiri dakika 15, apime tena. Mvulana anayekwenda malishoni na mbuzi asitoke bila sukari mfukoni.

Mafunzo yakinakiliwa kutoka nchi nyingine, hushindwa kwenye sinia. Familia ya Kisomali hula wali au baasto (tambi) pamoja, katika sinia moja, na hakuna ajuaye nani amekula kiasi gani. Mkufunzi mzuri hukaa na hooyo, yaani mama, akamwomba ampakulie mtoto kando kwa wiki chache, hadi mkono wa mtoto ujue kipimo chake. Chai ya asubuhi nayo izungumzwe wazi, maana sukari yake ni nyingi. Na kijana aambiwe mapema kwamba kubalehe huongeza mahitaji ya insulini. Asipoambiwa, atadhani namba za sukari zikipanda kosa ni lake, kisha ataanza kuandika za uongo katika daftari lake la vipimo. Mkufunzi anayegomba kwa sababu ya daftari ndiye anayeufundisha uongo huo.

Simu inasaidia hapa. Picha ya daftari na ujumbe wa sauti kwa Kisomali huokoa safari ndefu, na dozi inaweza kurekebishwa kabla ya siku ya kliniki. Vihisio vinavyobandikwa mkononi na kusoma sukari mchana kutwa ni kazi nzuri ya kiteknolojia, lakini kila baada ya wiki mbili hivi hutakiwa kipya, na bei yake familia nyingi haziimudu. Kwa sasa chombo cha maana zaidi ni kidogo kuliko hicho: stripi ya kupimia sukari. Kipima sukari hununuliwa mara moja. Stripi huliwa kila siku. Kijana mwenye insulini asiye na stripi anadunga kwa kubahatisha, na dozi iliyozidi huua.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya ni jukumu la kaunti. Basi Garissa, Wajir na Mandera ziweke stripi za watoto na vijana wenye kisukari katika bajeti ya dawa, fungu moja na insulini, na chupa ya insulini isitoke dirisha la dawa bila boksi la stripi.