Asilimia 80 ya sifuri



Kila 30 Aprili, siku ya mwalimu kwetu Kongo, kuna mtu anatuma ile picha mu grupe: Bruda Peter Tabichi wa Kenya, ndani ya kanzu yake ya Wafransisko, anapokea tuzo ya mwalimu bora wa dunia kule Dubai, Machi 2019. Dola milioni moja. Na chini ya picha maneno ni yale yale: « Huyu njo mwalimu. Anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini. Wa kwetu wanalilia feza tu. »

Mimi namheshimu sana Tabichi. Lakini habari yake tunaisoma vibaya, na usomaji huo unatuumiza.

Tuanze na hiyo asilimia 80. Tabichi ni mtawa. Ameahidi kuishi bila mali, hana bibi wala watoto wa kulipia masomo. Na alikuwa anafundisha hesabu na fizikia katika shule ya serikali, Keriko, kijijini Pwani, kaunti ya Nakuru, akiwa na mshahara. Ili mtu atoe asilimia 80, inafaa kwanza mshahara uwepo. Hapa kwetu kuna walimu wanaoitwa N.U., wako darasani kila asubuhi lakini Serikali haijawaingiza ku listi ya malipo. Wengine ni sisi, wasomaji wa ukurasa huu. Na tangu banki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata yule aliye ku listi anahangaika kuifikia feza yake. Fanyeni hesabu wenyewe: asilimia 80 ya sifuri ni sifuri.

Njo maana naona ile sifa inafurahisha zaidi wale wanaopaswa kulipa. Mwalimu akisifiwa kwa kujinyima, nani atauliza kwa nini anajinyima?

Sasa tuangalie kitu ambacho picha haionyeshi. Keriko ilikuwa na kompyuta moja tu, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Karibu wote walitoka familia maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wanafunzi wa shule hiyo walishinda katika mashindano ya sayansi ya Kenya mwaka 2018, kwa chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Walifikaje pale? Tabichi na wenzake wanne walikuwa wanawafundisha walio nyuma nje ya masaa ya darasa, hata wikendi, na Tabichi alikuwa anafika nyumbani kwao ili kujua shida iko wapi. Kwangu mimi, falsafa yake iko pale: kabla hujasema mwanafunzi ameshindwa, jua kwanza anaishi vipi.

Hii inanichoma mimi mwenyewe. Mwaka nilipomaliza chuo nilifundisha hesabu, kama N.U., mu shule moja ya hapa mjini. Kulikuwa na kijana alikuwa analala kila saa ya kwanza. Nilimuamsha, nilimsimamisha ku ukuta, na mwisho niliandika mu buletini yake neno moja: mvivu. Muhula wa pili hakurudi. Mwenzake njo aliniambia: « Mwalimu, ule alikuwa anaamuka saa tisa ya usiku, anasukuma mabidoni ya maji ku kinga, toka ku ziwa, anauzisha. Minervali yake alikuwa anajilipiaka. »

Kwao ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Sikufika hata siku moja.

Kuna mtu atasema: basi unaona, kutembelea mwanafunzi hakuombi feza! Ndiyo, hakuombi feza, lakini kunaomba muda. Na muda wangu wa mchana nilikuwa nauza vocha za simu, juu ile prime ya wazazi ilikuwa haimalizi hata wiki mbili. Mwalimu asiyelipwa anauza masaa yake kwingine, na masaa hayo ni yale yale ambayo Tabichi aliyatumia kwa wanafunzi wake. Kwa hiyo hata sehemu nzuri ya mfano wake inarudi ku swali la mshahara. Tabichi mwenyewe hakuwa peke yake. Ile picha ya mtu mmoja jukwaani inawafuta wale wenzake wanne.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya Serikali. Dakika kumi nilikuwa nazo. Ningeweza hata kumuuliza pale pale darasani, kwa sauti ya chini: « Mutoto, usiku unalalaka saa ngapi? » Sikuuliza, juu nilikuwa nimeshaamua yeye ni nani.

Kwa hiyo, bandugu, tuache kutumia Tabichi kama fimbo ya kupiga walimu wetu. Anayemsifu kwa kweli adai walimu walipwe, ili wapate muda wa kufanya kama yeye. Na wewe uliyepata darasa mwaka huu, hata kama ni bila malipo, kabla ya kuandika neno « mvivu » mu buletini ya mtoto wa watu, uliza kwanza. Mimi lile neno niliandika kwa wino, na sina tena namna ya kulifuta.