Kupiga Magoti Kitulo

Mpiga picha za simba anaweza kukaa garini tangu alfajiri akingoja mnyama apite. Mpiga picha za maua hana raha hiyo. Ua halipiti mbele ya mtu. Mtu ndiye anayelifuata kwa miguu, na akilifikia sharti apige magoti. Ufundi unaoanza kwa kutembea na kuishia kwa kuinama unastahili sifa, na sijui mahali unapofundishwa vizuri kuliko Kitulo.

Uwanda huu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ukawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Anayetokea Chimala hupanda barabara ya Hamsini na Saba, iliyopata jina kwa wingi wa kona zake, hadi atokeze Matamba. Huku juu hakuna simba wa kungojewa. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo 45 za okidi zinazoota ardhini.

Mwenye kushika zamu hapa ni mvua. Ikianza kunyesha mwishoni mwa mwaka, nyasi hurudi kijani, kisha maua hupokezana hadi Aprili: haya yakinyauka, yale yanachanua. Aliyekuja Januari na aliyekuja Machi hawakuona bustani moja. Juni hadi Agosti hutawala baridi na ukungu. Septemba jua linarudi, njia zimekauka, miguu inafurahi, ila okidi hazionekani. Mgeni wa kamera atasema hakuna cha kupiga. Mzoefu hupiga nyasi zilizopauka na migongo ya vilima, kwa kuwa anajua picha ya Februari haijakamilika mpaka iwekwe kando ya picha ya mahali palepale pakiwa patupu.

Mwanga nao una adabu zake. Jua la saa sita hula rangi. Petali nyeupe hutoka bapa, bila mshipa wala mkunjo. Wingu linalomnunisha mtalii ndilo linalomfaa mpiga picha: mwanga hutawanyika, vivuli hulainika, wekundu hukolea. Upepo ndio mtihani mkubwa zaidi. Okidi yenye shina jembamba haitulii, na kidole hukaa juu ya kitufe kikisubiri nukta moja ya utulivu. Lenzi nayo ishushwe hadi usawa wa ua. Likitazamwa kutoka juu, ua ni doa tu kwenye nyasi. Likitazamwa uso kwa uso linapata shingo, kimo, na milima nyuma yake. Lakini kabla goti halijagusa ardhi, jicho lipite kwanza, maana penye ua moja lililofunguka huenda pana machipukizi matatu. Picha iliyopatikana kwa kuyaponda hayo, hata ikiwa nzuri vipi, ni ya aibu.

Kinachoziwezesha okidi hizi kuvuka kiangazi ni viazi vyao vilivyofichwa udongoni. Viazi hivyohivyo vimekuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Biashara hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyowafanya watu wadai uwanda ulindwe. Sikidharau chakula cha mtu, wala simlaumu anayeshika jembe kwa kuhangaikia ada ya mtoto. Ila hesabu ya udongo haibadiliki: kiazi kikishang'olewa, mmea huo hauchipui tena.

Hapo ndipo ninapouona ubora wa ufundi huu. Mchimbaji akimaliza kipande kimoja huhamia kingine. Mpiga picha anakitaka kipande kilekile, mwaka hadi mwaka, na faida yake yote imo katika kitu asichokigusa. Simu ya kawaida mkononi mwa kijana wa Matamba inatosha kuanzia. Akishapiga ua la masika, kiangazi kikifika atauliza lilikokwenda. Na atakayeuliza hivyo atakuwa wa kwanza kugundua shimo jipya la jembe.