Pedeli ngumu haitoshi: breki za Datsun ya zamani kwenye mteremko wa Senjele

Gari la michezo la miaka ya sabini likitoka gereji baada ya kazi ya breki, mara nyingi hupokelewa kwa kipimo kimoja tu. Mwenye gari anaingia, anakanyaga pedeli mara tatu nne, anaisikia imesimama juu na ngumu, analipa na kuondoka. Penye tambarare mtu anaweza kuishi na kipimo hicho miaka mingi bila kupata madhara. Mkoani Songwe hakifai, na sababu yake ni ya kifizikia. Pedeli inayokanyagwa uani hueleza habari za upepo uliobaki kwenye mabomba na mafuta yanayovuja, lakini haisemi lolote kuhusu joto, na barabara ya Tunduma kwenda Mbeya huzijaribu breki kwa joto. Kwa hiyo nashikilia kwamba kazi ya breki kwenye gari kama hili haijaisha mpaka mfumo wote umepashwa moto, ukaachwa utulie, ukapoa, na pedeli ikarudi pale pale ilipokuwa asubuhi.

Nachukua Datsun 240Z kuwa mfano kwa sababu jina lake lilijengwa kwenye barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya 2 kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews. Gari lile la Herrmann lipo hadi leo: mwaka 2013 kikundi cha wafanyakazi wa Nissan huko Japani kililifufua likatembea tena. Wao wana kiwanda nyuma yao. Anayelifufua gari la namna hiyo Vwawa au Mlowo ana barabara kuu iliyojaa malori, na ana breki zilizobuniwa zaidi ya miaka 50 iliyopita: mbele diski za milimita 271 za kipande kimoja, zisizo na matundu ya kupitisha hewa katikati, na kalipa za pistoni mbili, nyuma dramu za aluminiamu zenye mapezi ya kupoza. Gari lote lina uzito wa tani moja na kidogo.

Kipimo cha uani kipewe haki yake kwanza, maana anayejua kukisoma hupata mengi. Pedeli ikienda chini mara ya kwanza, kisha ya pili ikapanda na kubaki ngumu, kwa kawaida shuu za nyuma ziko mbali na dramu. Kwenye magari haya kifaa cha kujirekebisha chenyewe hushika kutu kikaacha kufanya kazi, na fundi anaweza kupoteza chupa nzima ya mafuta akitoa upepo usiokuwepo. Pedeli ikipanda kwa kupampu lakini ikawa inadunda chini ya mguu, upepo upo kweli. Ikishuka polepole huku umeikanyaga na hakuna tone lililodondoka nje, mipira ya masta silinda inapitisha mafuta ndani kwa ndani. Kuna na hosi za mpira, ambazo kwa nje zinaweza kuonekana nzima kabisa ilhali ndani zimevimba. Mafuta yanasukumwa kwa nguvu ya mguu kuelekea kwenye kalipa, lakini kurudi yanakwama, na pedi zinabaki zimebana diski. Dalili yake ni gurudumu moja kuwa moto kuliko mwenzake baada ya mwendo mfupi, au gari kuvuta upande baada ya mguu kuachia pedeli. Hosi zenye umri wa gari zibadilishwe zote bila kujadiliana. Hata hivyo, yote haya yakiwa sawa, bado hatujajua breki zitafanya nini zikipata moto.

Hesabu yake haihitaji maabara. Gari na dereva wake tuseme ni kilo 1,150. Kulisimamisha kabisa kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa ni kugeuza takribani kilojuli 444 za mwendo kuwa joto. Kulishusha mita 100 za wima kwa kasi isiyobadilika, bila msaada wa injini, ni kilojuli 1,128, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya kusimama kule, tena bila nafasi ya kupoa katikati. Tukichukua kwamba diski mbili za mbele zina kilo 10 za chuma kwa jumla na zinabeba asilimia 70 ya kazi, kila mita 100 za kushuka zinaweza kuzipandisha nyuzi 160 hivi kama hakuna joto linalopotea. Upepo wa safari na gia vinapunguza sana, ndiyo, lakini sasa inaeleweka kwa nini mtu anaweza kusimama vizuri mara ishirini mjini Tunduma kisha akapata pedeli laini Senjele, pale barabara inaposhuka kutoka nyanda za juu za Mbozi kwenda bonde la mto Songwe.

Na joto lenyewe haliji kwa wakati tunaoutarajia. Gari likiwa linashuka, hewa inapita kwenye diski na mafuta yaliyo nyuma ya pistoni bado hayajapata joto lote. Likishafika chini likasimama, hewa haipiti tena, na joto la diski linaanza kusafiri kupitia pedi na pistoni hadi kwenye mafuta. Hapo ndipo mafuta yaliyonyonya maji huchemka. Dereva aliyefurahi kwamba ameshuka salama, akasimama kununua ndizi, anarudi baada ya dakika kumi na kukuta pedeli inakwenda mpaka sakafuni. Mvuke hubanwa na mguu, na mafuta hayabanwi. Tofauti yote iko hapo. Hivyo jaribio linalostahili kuitwa jaribio lazima liwe na kusimama huko chini: shuka, egesha mahali salama pasipo na mteremko, tia vizuizi kwenye magurudumu, ngoja dakika kumi, kisha kanyaga. Pedeli ikiwa imeshuka hata kidogo kuliko alama ya asubuhi, gari halipandi upande wa Mbalizi kwa nguvu zake lenyewe.

Mafuta ya breki ya kawaida huvuta unyevu hewani na kupitia mipira. Viwango vinasema DOT 3 mpya ichemke kwa nyuzi zisizopungua 205, na ikishanyonya maji isipungue 140. DOT 4 ni 230 na 155. Tofauti ya 205 na 140 ni tofauti ya chupa mpya na chupa iliyokaa nusu, kifuniko kimelegea, kwenye rafu ya duka la spea msimu mzima wa mvua. Wapo wapenzi wa magari ya zamani wanaopinga: kwa nini usitie DOT 5 ya silikoni, ambayo hainyonyi maji wala haiharibu rangi ya gari? Hoja hiyo ina uzito kwa gari linalokaa kwenye maonyesho. Lakini silikoni haichanganyiki na mafuta ya zamani yaliyobaki kwenye mabomba, hushika viputo vidogo vya hewa ambavyo ni kazi kuvitoa, na ikipata joto hubanika kidogo. Maji yakiingia hayayeyuki ndani yake. Yanakaa yenyewe mahali pa chini kabisa, yaani kwenye kalipa, ambako yatakula chuma na kuchemka kwa nyuzi za maji, ambazo hapa juu hazifiki hata 100. Kwa barabara hii nachagua DOT 4 ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo.

Pingamizi la pili ni la wale wanaoamini spea kubwa humaliza tatizo. Inajulikana kwa wanaozishughulikia 240Z kwamba kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux za zamani, zile zinazoendeshwa kwa magurudumu yote, hukaa mbele kwa kazi ndogo, na Hilux ndiyo gari ambalo spea zake hazikosekani Tunduma. Ni suluhisho la akili, ila linatibu kitu kingine. Pistoni kubwa zaidi zinahitaji mafuta mengi zaidi kuzisogeza, hivyo masta silinda ya asili hulazimika kusafiri mbali na pedeli inakuwa ndefu. Uwiano wa mbele na nyuma nao hubadilika, mbele ikikamata mapema. La kuzingatia zaidi, ukibakiza diski ile ile nyembamba, chuma cha kupokea joto hakijaongezeka hata gramu moja. Umeongeza nguvu ya kubana. Uwezo wa kumeza moto umebaki ulivyokuwa mwaka 1971.

Wengine watasema mlima Senjele ni tatizo la malori, si la gari jepesi. Tunduma kweli ni mji wa malori: shaba ya Zambia na Kongo inapita pale kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta na mizigo mingine inakwenda kinyume chake, na ujuzi wa mafundi wa mji umejengwa juu ya breki za upepo. Ujuzi huo ni mali, lakini ukihamishiwa kwenye Datsun bila kufikiri unaweza kupotosha. Kwenye lori la kisasa upepo ukiisha, springi hubana magurudumu na lori husimama. Kwenye Datsun mafuta yakivuja upande mmoja, njia moja kati ya mbili hufa na nyingine hubaki. Yakichemka kote, hakuna springi ya kukusaidia zaidi ya hendibreki. Fundi aliyezoea kusikiliza upepo unapovuja na kuangalia geji ana kipimo cha uhakika akiwa amesimama. Hapa hana geji. Mahali malori na gari hili yanapokutana ni kwenye dramu: ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu, na geji ya upepo inaweza kuonyesha imejaa wakati breki haishiki. Madereva wazoefu wanaoingia gia nzito kabla ya mteremko kuanza wanaijua kanuni hii vizuri, na inafaa neno kwa neno kwa gari la kilo elfu moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama wa wengine: ni haki gani kwenda kujaribu breki zisizothibitishwa mbele ya mabasi, bodaboda na watoto wa shule? Hakuna haki hiyo, na ndiyo maana mteremko huja mwisho. Mwanzo ni kwenye kiwanja au barabara tupu ya tambarare, kasi ya kutembea, hendibreki ikiwa imejaribiwa kwanza peke yake. Kisha pedi mpya hukalishwa: unapunguza kutoka 60 hadi 15 bila kusimama kabisa, unaendesha kidogo zipoe, unarudia, ili pedi iache utando sawasawa juu ya diski. Ukisimama na kushikilia pedeli diski ikiwa moto, utando huo unaganda sehemu moja na baadaye gari linatetemeka. Hatua inayofuata ndiyo ninayoona inasahauliwa sana: majaribio ya nguvu yafanyike kwanza likiwa linapanda. Kwenye mpando, breki zikikataa, mlima wenyewe unalipunguza mwendo. Baada ya hapo ndipo kushuka, alfajiri barabara ikiwa na nafasi, gia ya pili, mguu ukikanyaga na kuachia kwa vipindi, na gari la pili likifuata nyuma. Aliye ndani awe amekwisha kuamua atageukia wapi kabla hajahitaji kugeuka.

Kimo nacho kinahusika, na gari lililotengenezwa Dar es Salaam likaletwa huku hudhihirisha hilo haraka. Busta ya breki, lile kopo la duara nyuma ya masta silinda, hufanya kazi kwa tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na mvuto wa injini. Pwani hewa hiyo ni kilopaskali 101. Kwenye kimo cha mita 1,600, ambacho ndicho cha Tunduma kwa makadirio, ni 83 hivi. Injini ikiwa sailensa inafyonza hadi zibaki kilopaskali 35, pwani na Tunduma sawa, msaada unashuka kutoka 66 hadi 48, zaidi ya robo. Pedeli inayohisi nzito Tunduma huenda haina ugonjwa wowote, na anayekimbilia kufungua kalipa kwa sababu hiyo anaharibu kazi nzuri. Ugonjwa wa kweli hutofautishwa kirahisi: zima injini, kanyaga mpaka msaada uishe, shikilia, washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta ni nzima.

Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, kuna ukaguzi wa mwisho. Pima kwa rula kutoka pedeli hadi sakafuni na ulinganishe na kipimo cha kabla ya safari. Angalia alama ya mafuta kwenye vikopo vyote viwili. Pitisha kidole nyuma ya kila gurudumu kutafuta unyevu, hasa kwenye wili silinda za nyuma, ambazo mipira yake mipya huweza kukaa kimya ikiwa baridi na kuvuja baada ya joto la kwanza. Halafu fungua nipo ya kila kalipa na utoe mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe. Yakiwa ya rangi ya asali, gari liendeshwe. Yakiwa meusi, mpira fulani unayeyuka ndani au bomba la zamani linaachia uchafu, na kazi irudi gereji hata kama pedeli ni ngumu kama jiwe. Baada ya hapo mafuta yabadilishwe kila miaka 2 bila kujali kilomita, kazi ifanyike Oktoba, kabla mvua za Mbozi hazijaanza.